Je, mdogo wangu anaigiza? Jibu kwa dada wa Tanga

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi niko Tanga, mdogo wangu ana miaka 20 na anasoma chuo cha ualimu mkoa mwingine. Tangu mwaka jana anaanguka. Anatetemeka mwili mzima, macho kayafumba, wakati mwingine nusu saa nzima, na akizinduka analia. Alianzishiwa dawa ya kifafa, fenobabito, ikaongezwa nyingine, kabamazepini, hakuna nafuu. Mwezi wa tatu mguu wa kushoto uligoma siku mbili, kisha ukarudi wenyewe. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kimetoka safi, picha ya kichwa ya CT-skani safi. Mara ya mwisho nesi alimkandamiza mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole akamwambia, "Acha maigizo, amka." Kwenye daftari daktari ameandika histeria, na chini yake herufi HPD na alama ya kuuliza. Nimesoma kwamba HPD ni watu wanaotaka kuangaliwa muda wote. Ni kweli mdogo wangu tangu utotoni anapenda kupendeza, anaimba kwaya, analia upesi, anacheka kwa sauti. Sasa yuko nyumbani likizo. Shangazi anasema ni majini, apungwe. Je, anaigiza? Dawa tuache? Na chuoni tuwaambie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mwaka mzima wa kukimbizana na hospitali.

Nianze na swali ambalo najua ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana, sidhani kama mdogo wako anaigiza. Siwezi kumpima mtu kwa barua, na yote nitakayoyasema lazima yapitie kwa daktari atakayemwona kwa macho yake. Lakini nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 25, na kwa hali uliyoieleza, kuigiza ndilo jambo la mwisho ambalo daktari anapaswa kulifikiria. Hapo limewekwa la kwanza.

Kwenye daftari lile kuna maneno mawili, na la tatu alilitamka nesi: histeria, HPD, maigizo. Yamewekwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ni mambo matatu tofauti, na shida yenu nyingi imetokana na kuyachanganya.

Bila shaka umewahi kuwa msibani saa mwili unapofika kutoka hospitali. Gari linaingia uani, jeneza linashushwa, na binti wa marehemu, ambaye asubuhi yote alikuwa akipanga sahani na kuwaonyesha wageni pa kuketi, anaanguka chini. Miguu imeisha nguvu, mikono inarushwa huku na huku, anaitwa haitiki. Wanawake wanne wanambeba ndani na kumpepea kwa khanga. Hakuna pale anayesema anaigiza, wala hakuna anayesema ana uvimbe kwenye ubongo. Wote wanajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba kuna saa mwili humponyoka mwenyewe. Sasa lichukue tukio hilohilo, uliweke darasani Jumanne saa nne asubuhi, pasipo jeneza wala kilio. Hapo ndipo watu wanaanza kunong'ona. Mwili ni uleule. Kilichokosekana ni sababu ambayo jirani anaweza kuiona.

Katika kifafa, chembe za ubongo hufyatua umeme kwa mkupuo, nyingi kwa wakati mmoja, na mwili hufuata. Katika hali ambayo nashuku mdogo wako anayo, mkupuo huo haupo. Kinachotokea ni kwamba fahamu inaachana na mwili kwa muda. Kitaalamu tunaita disosiesheni, na Mfaransa Pierre Janet aliieleza vizuri tangu mwaka 1889. Wagonjwa wanaoweza kukumbuka mwanzo wake huniambia: moyo ulienda mbio, vidole vikafa ganzi, sauti za watu zikawa mbali kama zinatoka kisimani, kisha giza. Ukisikiliza vizuri utaona ni dalili za hofu kubwa, ila mtu mwenyewe mara nyingi hakuisikia hofu. Mwili uliogopa kabla yake, ukamwondoa pale.

Baada ya hapo ubongo hujifunza. Unajua njia ya mguu inavyojichora kwenye majani: ikipitwa mara tatu nne, ya tano haihitaji kutafutwa. Ndiyo maana kuanguka kwa kumi kunaweza kutokea siku ambayo hakuna lililomkera, amekaa tu anasuka. Ndugu huuliza, "Leo umeudhiwa na nani?" Mgonjwa hana jibu, wao wanaona anaficha. Hafichi.

Ule mguu uliogoma nao una kipimo chake, na hakihitaji mashine. Mgonjwa analala chali. Daktari anaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliogoma na kumwambia akandamize kitanda. Hawezi. Kisha anamwambia ainue ule mguu mwingine, usio na tatizo, huku yeye akiuzuia kwa mkono wake wa pili. Ghafla kile kisigino kilichogoma kinakandamiza kiganja kwa nguvu zake zote. Daktari mmoja wa Cleveland, Marekani, Charles Franklin Hoover, ndiye aliyekieleza kipimo hiki mwaka 1908 na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Vijana ninaowafundisha wakikiona mara ya kwanza hufurahi: "Tumemkamata!" Huwa nawasimamisha hapohapo. Hamjamkamata mtu. Mmeonyeshwa kwamba njia ya kutoka ubongoni hadi mguuni ni nzima, na kwamba inafunguka mawazo yakielekezwa kwingine. Hiyo ni habari njema, na anayestahili kuipata kwanza ni mgonjwa. Siku hizi namwonyesha mwenyewe: "Umeona? Mguu wako haujafa. Umepotea njia tu, na tutaurudisha." Nimeona watu wazima wakilia kwa sentensi hiyo, kwa kuwa kabla yake walikuwa wameambiwa kwamba hawana kitu.

Sasa, kwa nini naelekea huku na si kwenye kifafa? Kwa sababu ya mambo uliyoyataja mwenyewe pengine bila kujua uzito wake. Macho yamefumbwa, katika kifafa kikubwa macho kwa kawaida huwa wazi. Nusu saa ya kutetemeka. Kifafa kikubwa mara nyingi huisha ndani ya dakika mbili tatu, na kikifika nusu saa mtu huwa mahututi. Kulia mara tu anapozinduka. Aliyetoka kwenye kifafa hukoroma, hulala, huamka hajui yuko wapi. Yako mengine ya kuangalia: kutetemeka kunakopungua na kuongezeka kama mawimbi, kichwa kinachokwenda kushoto na kulia, macho yanayobanwa zaidi ukijaribu kuyafunua. Kujikojolea hakutenganishi, kunatokea pande zote mbili. Ulimi uliong'atwa ubavuni unaelekeza kwenye kifafa.

Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha likiwa peke yake, na EEG safi ndiyo isiyotosha kabisa. Kipimo cha kwanza cha kawaida hutoka safi kwa karibu nusu ya watu wenye kifafa cha kweli. Kinachokata shauri ni kunasa tukio lenyewe kwa video na EEG kwa pamoja. Pale kipimo hicho kisipopatikana, video ya simu ikiangaliwa na mtu aliyezoea inasaidia kuliko karatasi kumi. Tena katika kila watu watano wenye kuanguka kwa namna hii, karibu mmoja ana kifafa pia. Vyote viwili, kichwa kimoja.

Nina sababu ya kulisema hili kwa mkazo. Nilipokuwa daktari kijana, usiku mmoja waalimu walimleta mwanafunzi wa kidato cha pili. Alikuwa anashtuka usingizini, anapiga kelele, anarusha miguu kama anayeendesha baiskeli, nusu dakika, kisha anatulia na kutazama watu. Lilionekana jambo la ajabu sana. Niliandika histeria kwenye faili lake, nikamwambia mwalimu wake kwamba binti anahitaji nidhamu na mapumziko. Miezi mitatu baadaye aliletwa tena, ameungua mkono hadi kwenye kiwiko. Ilimshika akiwa mchana jikoni, mbele ya mafiga. Ilikuwa kifafa kinachoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambacho huonekana hivyohivyo: kifupi, cha ghafla, cha usingizini, chenye vituko. Nilikuwa nimesoma habari zake. Sikuzikumbuka kwa sababu neno lile lilikuwa limeshanitosha. Mkono wake naukumbuka kila ninaposhika kalamu kuandika utambuzi wa aina hii.

Mwaka 1965 daktari wa akili Mwingereza, Eliot Slater, alichapisha habari za wagonjwa 85 walioandikiwa histeria kwenye hospitali kubwa ya mishipa ya fahamu huko London. Aliwafuatilia miaka mingi baadaye, akakuta zaidi ya nusu wamejitokeza na magonjwa mengine ya mwili au ya akili, na wengine wamekufa. Alilaani neno hilo kwa maneno makali. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa hata kulitamka. Kisha mwaka 2005 timu iliyoongozwa na Jon Stone wa Edinburgh ilikusanya tafiti 27, zenye wagonjwa 1,466, na ikaonekana kwamba tangu miaka ya 1970 makosa ya utambuzi yameshuka hadi asilimia 4 hivi, sawa na magonjwa mengine mengi. Kwa hiyo utambuzi huu unaweza kufanywa kwa uhakika. Sharti ni kwamba ufanywe kwa dalili zinazoonekana, kama kile kisigino, wala si kwa sababu vipimo vimekwisha na daktari amechoka, au kwa sababu mgonjwa ni msichana na analia. Upande wa pili nao una hasara yake: utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2002 ulikuta kwamba kutoka kuanguka kwa kwanza hadi kupewa jina sahihi la tatizo ilichukua kwa wastani zaidi ya miaka 7. Miaka saba ya kumeza dawa za kifafa kisichokuwepo.

Historia ya neno lenyewe nitaipita haraka, ila usiikose. Histeria limetokana na neno la Kigiriki la mfuko wa uzazi, kwa kuwa wa kale walidhani mfuko huo unatangatanga mwilini na kumpandisha mwanamke wazimu. Mwaka 1859 Paul Briquet wa Paris alieleza wagonjwa 430 aliowaona mwenyewe, wanaume wakiwamo, akasema tatizo liko kwenye ubongo. Baada yake akaja Jean-Martin Charcot kwenye hospitali ya Salpêtrière. Alikuwa daktari mkubwa kweli, lakini aliwatoa wagonjwa wake mbele ya ukumbi uliojaa watu, akawaingiza kwenye usingizi wa kiini macho, nao wakaanguka mbele ya hadhira. Kuna mchoro wa André Brouillet wa mwaka 1887 unaoonyesha tukio hilo: mwanamke amelegea mikononi mwa msaidizi, wanaume na makoti yao wanatazama. Charcot alipofariki mwaka 1893, wengi walisema wale wanawake walikuwa wamefundishwa tu kucheza. Kwa maoni yangu lile neno la nesi, "maigizo", limesafiri kutoka kwenye ukumbi ule.

Na HPD? Hiyo ni hitilafu ya haiba inayoitwa ya histrioniki. Kitabu cha Wamarekani cha uainishaji wa magonjwa ya akili, DSM, mwaka 1968 kiliiita haiba ya kihisteria, na mwaka 1980 kikabadilisha jina. Jina jipya walilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mwigizaji. Kwa hiyo unaona jinsi fundo lilivyofungwa: ugonjwa wa kuanguka uliitwa histeria, tabia ya kupenda kutazamwa ikaitwa kihisteria, kisha ikaitwa ya uigizaji, na mtu anayesoma daftari haraka anahitimisha kwamba anayeanguka ni mwigizaji.

Lakini fundo hilo lilishafunguliwa kabla hata ya jina kubadilishwa. Mwaka 1958 Paul Chodoff na Henry Lyons walichunguza wagonjwa 17 waliokuwa na dalili za mwili za aina hii. Wenye haiba hiyo walikuwa 3 tu. Waliobaki walikuwa watu wa haiba nyingine mbalimbali. Ndicho ninachokiona mimi kliniki hadi leo. Nimewatibu wakulima wasiosema neno, askari, mama mmoja mhasibu ambaye hajawahi kupaza sauti maishani mwake. Robo hivi ya wanaoanguka namna hii ni wanaume.

Ili mtu apewe HPD kwa haki, DSM inadai dalili tano kati ya nane, tangu ujana, na zionekane kila mahali: kutostahimili kukaa pale ambapo si yeye anayetazamwa, hisia zinazobadilika upesi na zisizo na kina, kutumia umbo na mavazi kuvuta macho, kuongea kwa maneno makubwa yasiyo na undani, kuyumbishwa na kila mtu, kudhani uhusiano na watu ni wa karibu kuliko ulivyo, na mengine ya namna hiyo. Zaidi ya hayo lazima maisha yake yawe yanaharibika kwa sababu ya tabia hizo: kazi, urafiki, ndoa. Hilo haliandikwi chumba cha dharura baada ya dakika kumi, mgonjwa akiwa amefumba macho. Na Shirika la Afya Duniani katika uainishaji wake mpya, ICD-11, unaotumika tangu Januari 2022, limeliondoa kabisa jina hilo. Daktari sasa anatazama ukali wa tatizo na mwelekeo wa tabia.

Sehemu ya sababu ya jina hilo kubandikwa ovyo ni upendeleo wetu wenyewe. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Ford na Widiger, waliwapa wanasaikolojia maelezo yaleyale ya mgonjwa, wengine wakiambiwa ni mwanamke, wengine mwanamume. Alipokuwa mwanamke, walimwandikia histrioniki zaidi. Maelezo yaleyale! Kwa hiyo ukiniambia mdogo wako anapenda kupendeza, anaimba kwaya, analia upesi na anacheka kwa sauti, mimi nasikia habari za binti mchangamfu. Niambie kama anapoteza marafiki, kama hawezi kukaa na mtu bila ugomvi, kama masomo yanavunjika, hapo tutakuwa na la kuzungumza. Hata hivyo, tuseme anayo haiba hiyo kweli. Watu wenye haiba hiyo wanaumia sana ndani, na wanapata kifafa na malaria na saratani kama wengine. Haiba ya mtu haifuti ugonjwa wake.

Wanaodanganya ugonjwa wapo, sikatai. Mtu ana kesi mahakamani, au anatafuta malipo. Ni wachache, na hugunduliwa kwa ushahidi, kwa mfano kuonekana akifanya faraghani jambo alilosema hawezi kabisa. Kumuumiza mtu mfupa wa kifua si ushahidi. Mwambie mdogo wako kwamba daktari mmoja amesema hakustahili kufanyiwa vile.

Sasa shangazi. Nisalimie, na usimdharau. Anachokiona ni kweli: mtu hayuko na mwili wake, kitu kingine kimeushika. Pwani yetu imelipa jambo hilo jina la pepo, majini, ruhani, na ngoma ya kupunga ilimpa mwanamke mahali pa kusema mbele za watu yale ambayo siku ya kawaida asingeruhusiwa kuyasema. Naiheshimu. Kusomewa dua, kuombewa kanisani, kukaa na wazee, hayo hayadhuru na wengine hupata utulivu. Ninachokikataa ni kufukizwa chini ya shuka mpaka pumzi inakatika, kupigwa ili jini litoke, kuachishwa dawa kwa amri ya mganga, na kutozwa fedha zinazomaliza ada ya chuo. Kuna jambo jingine pia: kila tukio kubwa linalomzunguka anapoanguka, watu, kelele, mashahidi, huikanyaga ile njia ya kwenye majani ikazidi kuwa pana.

Jambo hili Tanzania tunalijua kwa namna nyingine tena. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Kufikia Machi walikuwa 95 kati ya 159, shule ikafungwa. Wasichana wakarudi makwao, na hali ikafika Nshamba, ambako watu 217 walipatwa. Madaktari Rankin na Philip walichukua damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula, hawakupata sumu wala kidudu. Hakuna aliyekufa. Dunia nzima inaisimulia habari hii kama kichekesho, na kila ninapoisikia hivyo nasononeka. Walikuwa wasichana wa miaka 12 hadi 18, wamefungiwa bweni, nchi imepata uhuru wiki saba tu zilizopita, na hawakucheka tu, walilia pia. Wengine ilidumu siku, wakihangaika na kukimbia. Ukiwauliza wangekwambia hawakuchagua.

Dawa. Hapa tafadhali nisikilize kwa makini. Msiache. Fenobabito ikikatwa ghafla inaweza yenyewe kuleta kifafa kisichokoma, hata kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Daktari akishathibitisha kwamba hakuna kifafa, atazipunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi, moja moja. Akionekana anacho pia, zitabaki kwa ajili ya hicho. Na daktari akitaka kumbadilishia kwenda valproeti, dawa nyingine ya kifafa, mwambieni wazi kwamba ni msichana anayeweza kushika mimba, maana dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni.

Kuanguka kwenyewe hakuna kidonge chake. Tiba huanza na maelezo: mgonjwa aambiwe ana nini, kwa jina, kwamba ni kweli, kwamba hajichagulii, kwamba inatibika. Wapo ambao hupungua sana kwa maelezo hayo tu. Baada yake ni tiba ya mazungumzo, ambapo hujifunza kuzitambua dalili za mwanzo na kujirudisha: kukanyaga sakafu kwa nguvu, kutaja kwa sauti vitu vitano anavyoviona, kushika kitu cha baridi, kutoa pumzi polepole. Nisikupe matumaini ya uongo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2020, wenye watu wazima 368, ulikuta tiba hiyo haikupunguza idadi ya kuanguka kwa kiwango cha kutosha kusema imeshinda. Ilichofanya ni kurefusha vipindi vya kutulia na kuyafanya maisha yabebeke, mtu akarudi kwenye shughuli zake. Kwa binti wa miaka 20 hilo ni kubwa. Kama kuna sonona au kumbukumbu za jambo baya, nazo zitibiwe. Na akigusia kutaka kufa, hata kwa mzaha, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Usimhoji kutafuta siri. Wengi wana jambo lililowaumiza, wengine hawana, na tangu mwaka 2013 DSM yenyewe haidai tena kwamba lazima liwepo. Mwambie tu mara moja, mkiwa wawili: "Kama kuna kitu, mimi nipo, na hata kama hakipo nakuamini." Kisha nyamaza. Mlango ukiwa wazi ataingia mwenyewe.

Akianguka: ondoa vitu vigumu, weka khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, waombe watu watoke, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji. Ongea naye kwa sauti ya chini kana kwamba anasikia, kwa kuwa mara nyingi anasikia. Kama mwenyewe alishakubali kurekodiwa, mrekodi kwa simu, uso na mwili mzima, kuanzia mapema. Kwa sasa, kabla utambuzi haujathibitishwa, ikipita dakika tano mpelekeni hospitali, na vivyo hivyo akiumia, akibadilika rangi, au ikija kwa sura msiyoizoea. Ukishathibitishwa, ombeni daktari awaandikie mpango wenu, kwa sababu kukimbizwa kila mara na kuchomwa sindano za diazepamu, dawa ya kukatiza kifafa, moja juu ya nyingine kumewahi kusimamisha pumzi za watu ambao hawakuwa na kifafa hata kidogo.

Ombeni rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu na wa akili, wote wawili, Muhimbili wapo. Nendeni na video, daftari, na orodha ya dawa na tarehe zake. Lile neno la daftarini usilichane. Mwombe tu daktari mpya aandike utambuzi wake chini yake, kwa herufi zinazosomeka.

Na chuoni, mwandikieni matroni na mlezi wa wanafunzi barua fupi ikiambatana na ya daktari: ana tatizo la kiafya linalotibiwa, haliambukizi, akianguka afanyiwe hivi na vile, asirudishwe nyumbani kila mara, na akikosa mtihani kwa sababu hiyo apewe nafasi nyingine. Kwa sasa alale kitanda cha chini, asiogelee peke yake, asipike kwenye moto wa wazi. Kwaya aendelee nayo. Mwambieni mwalimu wa kwaya kile mlichomwambia matroni, ili siku akianguka katikati ya mazoezi wamlaze pembeni, mmoja akae naye, na wengine waendelee kuimba.